PHQ-9, Hamilton, EPDS au maongezi tu? Tulinganishe namna ya kumhoji mgonjwa wa sonona

Kuna ubishi huwa unajirudia kati yetu tunaofanya kazi OPD (kliniki ya wagonjwa wa nje) na CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU) hapa Arusha, hasa kwa vijana walioajiriwa juzi: mgonjwa amekaa mbele yako, unahisi kabisa ana sonona, sasa unamhoji vipi? Mmoja anasema mpe fomu ya PHQ-9, lile dodoso la maswali tisa ya sonona, ajaze, jumlisha, umemaliza. Mwingine anasema fomu zinamfunga mtu mdomo, we ongea nae tu utamjua. Na aliyewahi kushika kazi za utafiti anakuja na Hamilton, kipimo ambacho anayehoji ndo anaweka alama, anasema hiyo ndo ya madaktari wa akili wenyewe. Mi nina msimamo na nausema mapema: kwa dispensari na kituo cha afya chagua PHQ-9, ila uisome wewe kwa mdomo, na uisome baada ya maongezi ya dakika tano, sio kabla. Hamilton na MADRS (kipimo kingine cha aina hiyo hiyo) ziachie kliniki ya akili. Mjamzito na aliyejifungua karibuni, EPDS, dodoso lililotengenezwa kwa ajili ya wazazi.

Ili tusiongee hewani tumchukue mama mmoja wa mfano, ana miaka hamsini na kitu, anatokea Ngaramtoni. Hii ni mara ya tatu anakuja ndani ya miezi miwili. Mgongo, kichwa, mwili hauna nguvu. Kapimwa malaria hana, akaambiwa UTI akapewa dozi, akaambiwa taifodi akapewa dozi nyingine, daftari lake limejaa diklofenaki na panado. Hajawahi kusema ana huzuni na hakuna aliyemuuliza. Wagonjwa wetu wengi wa sonona wanaingia kwa mlango huu huu, maumivu, usingizi, "moyo unaenda mbio", "nina mawazo", kwaiyo njia yoyote ya kuhoji tuipime kwa swali moja: itamfikia mama huyu au itampita?

Maongezi tu, bila karatasi

Ukimkaribisha vizuri, maongezi yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu."
"Pole na foleni. Nyumbani hawajambo?"
"Hawajambo, tunamshukuru Mungu."
"Mama, hebu nisimulie siku yako ya jana tu. Toka ulipoamka mpaka ulipolala."
"Jana? Niliamka saa tisa usiku, nikakaa tu kitandani mpaka kukakucha. Ng'ombe anakatiwa majani na kijana siku hizi, mi sitoki."
"Na jumuiya ilikuwa jana, ulienda?"
"Siendi. Toka mwezi wa tano siendi. Watu wanaongea sana pale, nachoka."

Ona swali moja la "jana" limeleta nini. Kuamka saa tisa usiku na usingizi usirudi, kazi aliyokuwa anaipenda kaiacha, watu kawakimbia, na tarehe ya kuanzia umepata. Hakuna dodoso linalokupa hivyo vitu vinne kwa dakika moja, na mama hajahisi anahojiwa. Ndo maana siwezi kukubaliana na mtu anayeanza na fomu.

Lakini anayetegemea maongezi peke yake nae ana tatizo kubwa. Mwaka 2009 ulitoka uchambuzi kwenye jarida la Lancet uliokusanya tafiti nyingi za madaktari wa kawaida, sio wa akili, ukakuta wanaitambua sonona kwa karibu nusu tu ya wagonjwa wenye nayo. Na hao wengi ni wa nchi ambazo daktari ana muda kuliko sisi. Maongezi yanafuata mwelekeo wa anayeongea, ukimpenda mgonjwa unaingia ndani, ukichoka saa nane mchana unakata kona, na vitu vigumu kama kujilaumu na kutaka kufa vinaachwa kila siku kwa sababu hakuna kitu kinachokulazimisha uvifikie. Alafu mwezi ujao huna cha kulinganisha nacho. Umeandika "anaendelea vizuri", vizuri kuliko nini?

PHQ-9

Hii ilichapishwa 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams kule Marekani, iko bure, huombi ruhusa kwa mtu. Maswali tisa, yote yanauliza wiki mbili zilizopita, kila moja lina majibu manne yale yale: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku, yaani 0 mpaka 3. Jumla inaishia 27. Kuanzia 5 ni kidogo, 10 wastani, 15 inaelekea kali, 20 kali. Kwenye utafiti wao wa mwanzo, kwa waliofikisha 10 au zaidi, dodoso liliwanasa 88% ya wenye sonona kubwa na likawaacha vizuri 88% ya wasio nayo. Maswali yake tisa yanafuata zile dalili tisa za DSM, mwongozo wa Wamarekani wa kutambua magonjwa ya akili, ambao unataka zifike tano kwa wiki mbili na mojawapo iwe huzuni au kukosa hamu.

Nguvu yake kwetu ni kwamba majibu hayabadiliki kutoka swali hadi swali, kwaiyo hata bibi asiyejua kusoma akishashika mchezo kwa maswali mawili ya kwanza mnaenda haraka. Dakika tano mpaka kumi inatosha. Mi nachora vidoti 14 kwenye kipande cha karatasi, mistari miwili ya saba saba, namwambia hii ni Jumapili iliyopita na hii ni ile ya kabla yake, sasa nionyeshe siku ambazo hukupata usingizi. Mtu anaweka kidole. Ukiishia kusoma "zaidi ya nusu ya siku" kwa sauti, mzee anakuangalia tu alafu anakujibu chochote ili muendelee.

Udhaifu wake upo sehemu tatu na inabidi uzijue kabla hujauliza. Kwanza kuna maswali yamebeba pande mbili: la tatu linauliza usingizi mchache au mwingi kupita kiasi, la tano kula kidogo au kula sana, la nane kuwa mzito au kuhangaika usitulie. Mgonjwa anajibu upande aliousikia mwisho. Yakate, uliza kila upande peke yake, alafu chukua jibu la juu. Pili, uchovu, usingizi, hamu ya kula na umakini vinaharibika kwa magonjwa mengine mengi. Mtu wa TB, mtu mwenye upungufu wa damu, mtu mwenye tezi la shingo lisilofanya kazi vizuri, mtu wa CTC anayeumwa, anaweza kufika 10 bila sonona. Kwa hao nenda kaangalie maswali yasiyo ya mwili yamepata ngapi, la kwanza, la pili, la sita na la tisa, na usikimbilie dawa kabla hujapima damu. Tatu ni adabu zetu. Mtu mzima hapa akiulizwa hali anajibu "tunashukuru Mungu", na akipewa fomu peke yake pale kwenye benchi, mwanae anachungulia begani, anaweka sifuri. Mama wa Ngaramtoni akijaza mwenyewe anaweza kukupa 6. Ukimuuliza wewe kwa mdomo, mlango umefungwa, baada ya kukusimulia ile saa tisa usiku, unaweza kupata 14. Karatasi ni ile ile.

Foleni ikiwa ndefu sana kuna PHQ-2, ni maswali mawili ya kwanza tu, huzuni na kukosa hamu, akifikisha 3 kati ya 6 unaendelea na mengine. Ni njia halali kabisa. Ila swali la kujidhuru halimo, kwaiyo mtu uliyemtilia shaka usimwachie hapo.

Hamilton na MADRS

Hapa ndo watu wanachanganya mambo. Max Hamilton alikuwa daktari wa akili Leeds, Uingereza, kipimo chake kikatoka 1960, enzi dawa za sonona ndo zinaanza, na alikitengeneza kwa wagonjwa ambao tayari walishathibitishwa wana sonona, ili ajue imekuwa kali kiasi gani na dawa inasaidia au la. Hakikuwa cha kumtafuta mgonjwa kwenye foleni. Ni kama chati ya presha ya mtu unayejua ana presha. Kina vipengele 17, vingine vinaenda 0 mpaka 4, vingine 0 mpaka 2, jumla ya juu 52, na kinachukua nusu saa kama unakifanya kwa haki. Hamilton mwenyewe alipendekeza mgonjwa apimwe na watu wawili. Wangapi kati yetu tuna wawili zamu moja?

Uzuri wake upo na ni mkubwa: anayeweka alama ni wewe, sio mgonjwa. Mama anasema "sijambo" lakini unaona anajibu baada ya kimya kirefu, sauti iko chini, mikono haitulii kwenye kanga, na kipimo kina nafasi ya kuandika uzito huo wa mwili na huko kuhangaika kama ulivyokuona wewe. Usingizi umegawanywa mara tatu, kuchelewa kuupata, kukatika katikati ya usiku, kuamka mapema mno, kwaiyo ile saa tisa yake haipotei ndani ya swali moja la jumla. Ubaya ni kwamba Hamilton ina mambo mengi ya mwili, tumbo, uzito, nguvu za mwili, hamu ya tendo, hivyo mgonjwa mwenye ugonjwa mwingine anapanda juu bila sababu. Na bila mafunzo wawili mkimhoji mtu yule yule mnatoka na namba tofauti, ndo maana Janet Williams alikuja kuandika mwongozo wa maswali ya kuulizia Hamilton mwaka 1988. Kama utaitumia, tumia na mwongozo huo, usijitungie.

MADRS ya Montgomery na Åsberg, 1979, kwangu ni bora kuliko Hamilton ukiwa kliniki ya akili. Vipengele 10, kila kimoja 0 mpaka 6, jumla 60. Ilitengenezwa makusudi ikamate mabadiliko, mgonjwa akianza kupata nafuu inaonyesha, na imepunguza mambo ya mwili. Kitu ninachokipenda zaidi: huzuni imewekwa mara mbili, ile unayoiona usoni kwake na ile anayoisema mwenyewe, kila moja na alama yake. Kwa watu wetu wanaotabasamu huku wanaumia hicho kipengele peke yake kina thamani. Ila nayo inataka muda na inataka mtu aliyefundishwa.

Kuna pia MINI, mahojiano ya ndiyo na hapana yaliyotoka 1998, kama robo saa hivi, yanapitia magonjwa mengi ya akili sio sonona tu. Ni ya utafiti zaidi, na maswali yake mafululizo ya ndiyo na hapana yanamchosha mzee. Nichukue kitu kimoja tu toka huko na nakusihi nawe uchukue: kuuliza kipindi cha kupanda. "Umewahi kuwa na siku kadhaa mfululizo ambazo una nguvu nyingi mno, hulali na huchoki, unaongea sana, unatumia hela ovyo, mpaka watu wa nyumbani wakashangaa?" PHQ-9 haiulizi hilo kabisa. Hamilton haiulizi. Na mtu mwenye historia hiyo ukimpa dawa ya sonona peke yake unaweza kumrusha juu. Swali la nusu dakika.

Mjamzito na mzazi

Ujauzito wenyewe unaleta uchovu, usingizi wa kukatika, kula ovyo. PHQ-9 ikimkuta mama wa miezi minane itampa alama za bure. EPDS ya Cox na wenzake, 1987, ilitengenezwa Scotland kwa ajili ya waliojifungua, ina maswali 10 ya siku saba zilizopita, imeacha uchovu na chakula, ikabaki na kucheka, kutazamia mambo kwa furaha, kujilaumu, hofu, kulia. Jumla 30, na 13 kwenda juu ndo wengi wanachukulia kuwa kuna tatizo la kufuatilia. Shida yake ni kwamba majibu yanabadilika kila swali na mengine yamegeuzwa, lile la kucheka linaanza na jibu zuri lenye sifuri, lile la kujilaumu linaanza na jibu baya lenye 3, kwaiyo kusoma kwa mdomo kunataka utulivu na ukikosea kujumlisha umeharibu. Fanya kwanza na mwenzako mkajaribishana.

Na mpaka wa alama usiuchukue kama amri. Orodha ya Hopkins, dodoso jingine la dalili za huzuni na hofu, ilipopimwa Dar es Salaam kwa wajawazito wanaoishi na VVU, matokeo yakachapishwa 2002, mpaka uliofaa kwa wale kina mama ulikuwa chini ya ule uliozoeleka nje. Mtu mwenye 8 anayeshindwa kuamka kuhudumia watoto anahitaji msaada kuliko mwenye 11 anayeendelea na kazi zake, ndo maana PHQ-9 ina lile swali la ziada mwishoni, matatizo haya yamekufanya ushindwe kazi au kuishi na watu kiasi gani. Halijumlishwi, wengi wanaliruka. Usiliruke.

Wanaume

Kijana wa Mererani anayechimba miezi bila kupata jiwe, mpagazi wa mlimani mwezi wa nne watalii hakuna, dereva boda mwenye mkopo. Uliza PHQ-9 tupu utapata "niko fresh". Hasira na pombe havimo kwenye yale maswali tisa na mara nyingi ndo huko ilikojificha. Anza na usingizi, kazi, kugombana nyumbani, amekunywa kiasi gani wiki hii na miezi mitatu nyuma alikuwa anakunywa kiasi gani, na muda wote huo usitaje sonona. Alafu rudi kwenye karatasi. Hapa maongezi yanaishinda fomu wazi wazi.

Swali la tisa

Haijalishi umechagua kipimo gani, hapa usimwachie mtu kalamu. PHQ-9 imeunganisha mawazo ya kuwa bora ufe na mawazo ya kujidhuru kwenye swali moja. Bibi akisema "Mungu anichukue tu" anaweza kuwa amechoka na uzee, na anaweza kuwa anamaanisha kingine, hujui mpaka umuulize tena. Naenda kwa ngazi: unawaza kufa? Unawaza kujiua wewe mwenyewe? Umeshafikiria utafanyaje? Kuna kitu umeandaa? Nini kimekuzuia mpaka leo? Hilo la mwisho linafungua mengi, wajukuu, imani, ndugu mmoja anayempigia simu. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, hilo limechunguzwa sana na watu waache kuogopa. Wengi wanapumua wakiulizwa. Kumbuka pia kujaribu kujiua kwetu kumeandikwa kama kosa kwenye sheria, mgonjwa anajua, kwaiyo mwambie mapema kwamba wewe ni mtu wa afya na unauliza ili umsaidie, na mwambie kweli kwamba akiwa kwenye hatari utahitaji kumshirikisha ndugu. Akiwa na mpango, haondoki peke yake, unapiga simu hospitali ya mkoa siku hiyo hiyo, na dawa za shamba zinatoka nyumbani kwenda kwa ndugu. Amitriptilini, ile dawa ya sonona, usimpe ya mwezi mzima, ikimezwa kwa wingi inaua, mpe ya siku chache na arudi.

Hapo ndo mtafsiri anakuwa ishu kubwa. Mzee anakuja toka Monduli au Longido hajui Kiswahili vizuri, kaletwa na binti yake wa miaka kumi na minne ndo anatafsiri. Utamuulizaje baba kuhusu kujiua kupitia mtoto wake? Usifanye. Tafuta mtumishi anayejua Kimaasai, hata kama ni wa maabara au mhudumu wa afya ya jamii, muelekeze atafsiri sentensi kwa sentensi bila kupunguza, binti asubiri nje. Kama hayupo, chukua usingizi na kazi na hali ya mwili leo, na mpangie siku nyingine mtu akiwepo, isipokuwa ukiona hatari.

Basi ukirudi kwenye mama yetu: maongezi dakika tano, PHQ-9 kwa mdomo na vidoti, swali la kupanda, msiba wa karibuni kama upo, mhGAP, mwongozo wa WHO wa afya ya akili kwa vituo vya kawaida, unataka uangalie kama amefiwa ndani ya miezi sita, pombe, damu na tezi, unarudia PHQ-9 ile ile baada ya wiki nne. Ikishuka pointi tano ni nafuu ya kweli, ikishuka nusu dawa au ushauri unafanya kazi. Isiposhuka, au akiwa 20 na zaidi, hapo mpeleke anakoweza kufanyiwa MADRS na mtu mwenye nusu saa.

Na kwenye faili usiandike "PHQ-9 = 14" ukafunga. Andika namba zote tisa kwa mpangilio, nani aliuliza, kwa lugha gani, nani alikuwepo chumbani, maana atakayemuona mwezi ujao pengine ni mwenzako wa zamu nyingine, na atahitaji kujua kama zile 14 zilitoka kwenye usingizi na uchovu au zilitoka kwenye swali la sita na la tisa.